Majani ya Mama Anord

Ukishuka na gari kutoka Soni kwenda Mombo, kabla hujaifikia kona tunayoiita Jiwe la Nyani, mwambie dereva wako apunguze mwendo. Utamkuta hapo mama mmoja mwembamba, kajifunga khanga kiunoni na kuvaa sweta la kiume la kijani, ameinama anaokota majani barabarani. Haokoti ya mbuzi. Anaokota kila jani lililoangushwa na upepo, kila kijiti, hata yale makavu yasiyoweza kumdanganya mtu, kisha anayatupa korongoni. Wageni hudhani ni kichaa. Utingo mmoja asiye na adabu aliwahi kumrushia ganda la ndizi kutoka dirishani. Mimi ninayesimulia haya namfahamu tangu tukiwa wasichana, na akili zake ni timamu kuliko za huyo utingo na tajiri wake.

Jina lake Zipora, lakini hapa Soni kila mtu anamwita Mama Anord. Mimi ni Mama Sharifa. Meza zetu gulioni zimegusana miaka na miaka, yeye na plamsi na mapeasi yake, mimi na karoti na hoho. Yeye Mlutheri, mimi Mwislamu. Idi anakula kwangu, Krismasi nakula kwake, na katikati hapo tumenuniana mara nyingi kuliko nilivyowahi kununiana na mume wangu. Basi nikisema neno kali juu yake, msidhani namchukia.

Nianze na majani, maana bila majani habari hii haina kichwa.

Barabara yetu ya mlimani ni nyembamba, upande huu mwamba, upande ule korongo, na kona zake zimejificha hata mchana wa jua. Ukungu ukishuka huoni hata boneti ya gari lako mwenyewe. Gari likikufia konani, zile pembetatu nyekundu za kwenye buti hazikusaidii, na wengi hata hawana, huazimana siku ya ukaguzi tu. Unachofanya ni kuvunja matawi ya miti na kuyalaza barabarani mbali kidogo na gari, juu na chini, ili anayekuja ajue kwamba mbele kuna tatizo. Hakuna aliyefundishwa hilo darasani. Mtoto wa huku anajua kwamba majani yanasema simama kabla hajajua kusoma. Na yana adabu yake: gari likipona, unarudi kuyazoa majani yako yote ndipo uondoke. Ukiyaacha umemdanganya mwenzako, na siku nyingine hatakuamini.

Mume wa Zipora, Mungu amrehemu, aliendesha basi la Lushoto kwenda Tanga mpaka macho yalipomchoka. Huyo ndiye aliyekuwa muumini wa majani hasa. Siku moja alisimamisha basi lililojaa watu, akamrudisha utingo kwa miguu kwenda kuzoa tawi moja alilolisahau nyuma. Abiria walinuna, wengine walitukana. Yeye alizima injini, akakunja mikono kwenye usukani, akasubiri. Zipora alikuwa anapenda kuisimulia habari hiyo, na mwanawe Anord alikua akiisikia. Siku hizi haisimulii tena.

Anord alikuwa mtoto wao wa pekee. Fundi seremala, mpole, mtu wa maneno machache, lakini ana ule ukaidi wa watu wapole ambao ni mbaya kuliko wa wenye kelele. Alimpata binti mmoja wa Mazinde, huko chini barabara ya Same, jina lake Glory, aliyekuwa anasuka nywele saluni pale Lushoto mjini. Walianza kuishi pamoja. Ndoa ilikuwa inasubiri mavuno, kisha ikasubiri nyumba iezekwe, kisha ikasahaulika. Akazaliwa mtoto wa kike, wakampa jina la bibi yake kama ilivyo kawaida yetu, na sote tukamwita Zipo. Zipora alimbeba yule mtoto gulioni mgongoni huku anapima mapeasi, na ukimwomba umshike kidogo anakuangalia kama mwizi.

Zipo alipoanza kusema maneno yanayoeleweka, wazazi wake walikuwa hawasemezani. Glory akafungasha, akateremka kwao Mazinde na mtoto wake. Mpaka hapo hakuna ajabu, watu huachana kila siku. Ajabu ni upumbavu alioufanya Anord baadaye. Alikwenda mpaka shule ya chekechea huko Mazinde, akamwambia mwalimu yeye ni baba, jambo ambalo ni kweli, akamchukua mtoto akapanda naye mlimani bila kumwambia mama yake neno. Simu akazima. Glory na majirani wakamtafuta mtoto kwenye makalavati na kwenye visima. Huku juu Zipora anapika, anamsuka mjukuu, anaimba, na hakuuliza kama mama mtu anajua. Glory alipofika na askari, sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia, anafungua mdomo hakitoki kitu. Nilimwona kwa macho yangu. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba yule binti alikuwa na roho mbaya.

Tangu siku hiyo mlango ukafungwa. Ikaamuliwa Anord awe anamwona mtoto pale ofisi ya ustawi wa jamii, afisa akiwa ameketi hapohapo. Mara Glory anakuja, mara mtoto anaumwa, mara mvua imekata barabara. Miezi ikapita katikati. Halafu ikaja siku ambayo Zipora alimsindikiza mwanawe, na siku hiyo ndiyo iliyomharibu.

Mtoto aliingia na mama yake, kavaa gauni safi, kafundishwa adabu vizuri. Akapiga goti kidogo mbele ya Anord, akasema, "Shikamoo, anko."

Na Anord akajibu marahaba. Alijibu taratibu tu, kama anavyomjibu mtoto wa mteja aliyetumwa kuulizia kitanda.

Zipora alirudi gulioni akaketi nyuma ya mapeasi yake, wateja wakaja wakaondoka. Nilimchokoza kidogo, nikamwambia mapeasi yatajiuza yenyewe siku hizi. Hakucheka. "Mama Sharifa," akasema, "damu yangu imemwita mwanangu anko. Kishambaa chetu kina neno la kumwita baba, tate. Mtoto anazaliwa nalo mdomoni. Nitalisikia kwa yule mtoto kabla sijafa, hata kama ni kwa kuulaza mlima huu."

Niliogopa. Sijui kwa nini, maana watu husema makubwa kuliko hayo wakiwa na uchungu. Lakini Zipora hakuwa mtu wa kusema kisha akasahau.

Ndipo akatokea Silvano. Huyu alikuwa mwalimu aliyehamia huku kutoka Tanga, mwenye watoto wawili ambao mama yao aliondoka nao yeye akiwa kazini, na hakuwahi kuwatia machoni tena. Sikatai, alikuwa na kidonda cha kweli. Lakini alikuwa pia na kipaza sauti, na mtu mwenye kidonda na kipaza sauti ni wa kumwangalia kwa jicho moja wazi. Alikusanya wanaume wachache wenye shida kama yake, wakachapisha fulana nyeupe zilizoandikwa BABA SI MGENI. Zipora akaivaa fulana hiyo juu ya gauni la kanisani. Mwanamke peke yake kati yao.

Jambo lao la kwanza lilikuwa kulifunga geti la halmashauri kwa mnyororo na kufuli asubuhi, wafanyakazi wakiwa ndani. Kipaza sauti kikaimba kwamba baba si mgeni, mtoto hatembelewi ofisini kama mgonjwa. Askari walipodai ufunguo, kila mwanaume aligeuza mifuko yake nje. Ufunguo ulikuwa kifuani kwa Zipora, na hakuna askari aliyekuwa tayari kuutafuta huko. Tulicheka sana Soni nzima. Alishinda mahabusu, wakamwachia kwa umri wake, akarudi amenyoosha shingo.

Wanawake wa gulioni hawakucheka muda mrefu. Walimuuliza kama ameota ndevu. Hadija muuza nyanya, ambaye mume wake alikwenda Dar es Salaam kununua spea na hajarudi mpaka leo, alimwambia wazi kwamba nusu ya hao waliovaa fulana hawajawahi kuwanunulia watoto wao hata kalamu ya risasi, wanataka watoto wa kupigia picha. Mimi niliona Hadija kasema kweli. Zipora naye alikubali. Alisema wapo waliokimbia kati yao na anawajua kwa majina, lakini mwanawe hakukimbia, na yeye hana kundi lingine la kusimama nalo. Huyo ndiye Zipora. Ukimpa hoja anaikubali, kisha anaendelea na lake.

Geti halikuleta mtoto. Silvano akasema geti ni la watu wachache, barabara ni ya wote. Tukiifunga barabara siku ya gulio, hata mkuu wa wilaya atatusikia. Wakakutana nyumbani kwa Zipora, nami nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimekwenda kurudisha sufuria. Silvano alitaka mawe makubwa na matairi ya kuchoma. Zipora akagoma. Alisema mumewe aliendesha barabara ile na anajua gari lenye mzigo linashukaje. Ukiweka mawe konani utaua watu. Halafu akasema lile neno lake, na alilisema kwa huruma kabisa.

"Wekeni majani. Hakuna dereva wa mlima huu asiyesimama kwa majani. Hakuna atakayeumia."

Wakamwangalia, wakaona ni kweli. Anord alikuwa pale mlangoni, anakwaruza gundi kwenye kucha. Baadaye alimwambia mama yake kwamba baba asingekubali. Zipora akamjibu kwamba baba hakuitwa anko.

Basi siku ya gulio, matawi yakalazwa juu na chini ya Jiwe la Nyani. Mafuso ya kabichi yakapunguza mwendo, yakasimama, madereva wakashuka na spana mkononi kumsaidia mwenzao aliyeharibikiwa. Badala ya gari bovu wakakuta wanaume wa fulana nyeupe wanatoka kwenye vichaka na kuketi barabarani, Silvano na kipaza sauti chake, na Mama Anord katikati amekunja miguu kama yuko msibani. Zilipita saa nyingi kabla askari hawajaifungua barabara. Nyanya za Hadija zilichuruzika maji kwenye matenga. Mama mmoja aliyekuwa anapelekwa Bumbuli hospitali ilibidi abebwe na watu kuipita ile kona, na Zipora mwenyewe alimshika mkono mpaka ng'ambo, akarudi akaketi.

Wakarudia. Mara hiyo madereva wengine hawakushuka na spana. Walishuka na matusi.

Walipofika mara ya tatu, mmoja hakusimama kabisa. Abubakari, kijana wa hapahapa Soni, mstaarabu, mwenye fuso la bluu, alikuwa amepoteza mzigo mzima wa kabichi mara ya kwanza, na tajiri wake alimwambia ikitokea tena atafute kazi nyingine. Aliyaona majani, akapiga honi moja ndefu isiyokatika, akapita. Wanaume wakarukia mtaroni. Hakuna aliyeguswa. Wenzake wakapata fundisho: majani ya Jiwe la Nyani unapiga honi ndefu, unapita, watakimbia wenyewe. Wakayapa na jina. Dereva akimpigia mwenzake simu kuuliza hali ya barabara, anajibiwa kwamba ni shwari, kuna majani ya Mama Anord tu.

Nilipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza niliziacha karoti zangu. Nilimwendea Zipora mezani kwake, nikamwambia. Hapohapo Abubakari alikuwa anapita na kikombe chake cha chai, akasimama, akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akasema alichokuwa nacho moyoni.

"Mama, usinichukie. Mimi sasa nikiona majani pale siondoi mguu. Nakanyaga mafuta."

Niliona mkono wa Zipora unapapasa mapeasi, unayageuza moja moja, hauchagui kitu. Jioni ile alikwenda kwa Silvano kumwambia mambo ya barabarani yaishe. Silvano akasema sasa ndiyo wanakaribia, mtu haachi kuchimba maji yakianza kuonekana. Waligombana. Sijui wangefikia wapi, maana wiki ileile ofisi iliita pande zote mbili.

Hapo nikiri kwamba kelele zao zilifanya kazi. Afisa ustawi aliwakalisha Glory na Anord siku nzima. Anord aliomba radhi kwa lile la chekechea, na aliomba vizuri, mpaka Glory akalia. Ikakubaliwa kwamba Zipo atakuja kwa baba yake kila likizo, baba amfuate mwenyewe Mazinde na amrudishe mwenyewe. Hakuna ofisi wala afisa. Zipora alipoletewa habari alivua ile fulana nyeupe, akaifanya tambara la kufutia meza, na akaniambia sasa ni kungoja likizo tu.

Silvano na wenzake walitawanyika kila mmoja na lake. Kila mtu aliyekuwa kundini alijua kwamba majani yamekwisha. Tatizo ni kwamba majani hayakuwa yamewekewa wao, yaliwekewa madereva. Niliwahi kumwambia Zipora kwamba kuna kitu bado hakijazolewa pale konani, kwamba ingefaa apite stendi, aongee na madereva mmoja mmoja. Alikubali. Alisema ataanza baada ya likizo, mtoto akishazoea. Alikuwa anapaka chokaa chumba cha mjukuu.

Siku yenyewe ilikuwa ya gulio, ukungu umelala toka alfajiri na haukuondoka. Anord aliazima kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo cha jirani, akateremka Mazinde. Zipora hakuja na mapeasi. Alipika makande nyumbani kwake, pale juu ya barabara, na mimi nilimwacha binti yangu mezani nikaenda kumsaidia kupepeta maharage, ingawa ukweli ni kwamba nilikwenda kwa sababu nilikuwa situlii. Anord alipiga simu kutoka Mombo kwamba wanaanza kupanda. Zipora akasikia sauti ya mtoto nyuma ya simu, inauliza mlima unaishia wapi. Akaniangalia, uso umemfunguka kama wa msichana.

Tukangoja. Kupanda kutoka Mombo si safari ndefu. Makande yakaiva, yakateremshwa, yakafunikwa. Alipiga simu, haikushika. Pale Jiwe la Nyani mtandao haupo, mwamba unauziba. Nikasema labda wamesimama kununua miwa. Yeye akasema labda. Magari yaliyokuwa yanashuka tuliyasikia tu, hatukuyaona.

Kisha ikapanda honi kutoka bondeni. Honi ya fuso, moja, ndefu, isiyokatika. Tuliifahamu wote wawili. Zipora alikuwa ameshika upawa. Aliuweka juu ya mfuniko wa sufuria taratibu, ukae vizuri usianguke, na honi ikawa bado inaendelea. Halafu ikakatika.

"Leo hakuna mtu pale," alisema. "Mama Sharifa, leo hakuna mtu wetu pale."

Tuliteremka tunakimbia, wanawake wawili wazima, viatu vikabaki njiani. Tuliyakuta majani kabla hatujalikuta gari. Yalikuwa yamelazwa vizuri sana, matawi makubwa ya kijani, kwa umbali uleule ambao marehemu mume wake alikuwa anaufundisha. Katikati yake zilipita alama za matairi ya fuso, zimeyapondaponda.

Kile kirikuu kilikuwa kimezima konani, injini imechemka. Anord alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Alivunja matawi, akayalaza juu na chini, akarudi kwenye gari kukaa karibu na mtoto wake. Aliposikia fuso halipunguzi, alimtoa Zipo akamrusha juu ya mtaro, kwenye vichaka vya upande wa mwamba. Yeye mwenyewe hakupata nafasi. Mtoto tulimkuta ameketi huko majanini na mkwaruzo shavuni, halii, hasemi.

Abubakari alikuwa amekaa barabarani, kichwa kati ya magoti, kabichi zimemzunguka. Anarudia sentensi moja kwa kila aliyefika, na alipofika Zipora aliirudia hata kabla hajamtambua ni nani. "Nilijua ni majani ya Mama Anord," alisema. "Jamani, nilijua ni yale majani ya Mama Anord."

Zipora hakumpigia kelele. Alipita akaenda kwa mwanawe.

Tulimzika Anord nyuma ya nyumba, pembeni ya baba yake. Silvano alikuja, bila kipaza sauti, akasimama mbali. Glory alikuja akakaa siku zote za msiba chini kwenye mkeka pamoja nasi, anaosha vyombo, na hakumlaumu mtu. Watu walikuwa wanangoja amlaumu. Nadhani Zipora mwenyewe alikuwa anangoja kuliko wote, na aliposubiri bila kusikia kitu, ndipo alipozidi kuinama. Kesi ya Abubakari ilipoanza, alikwenda mwenyewe kusema kwamba kijana hasemi uongo, kwamba aliyeyafanya majani yawe uongo ni yeye. Hakimu alimwuliza mara mbili kama anaelewa anachosema.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kwenda konani. Nilimfuata siku za mwanzo, nikamsihi, nikamkaripia hata. Nilimwambia jani lililoanguka mtini halina kosa. Alinijibu kwamba dereva hajui lipi limeanguka na lipi limewekwa, na mpaka pale pawe peupe kabisa, siku mtu akiweka la kweli hataaminiwa. Siku hizi nampelekea uji.

Glory anamleta mtoto kila likizo. Hushuka kwenye gari chini ya kona, humshika mwanawe mkono, wakapita Jiwe la Nyani kwa miguu, ndipo wakapanda gari jingine. Zipo amerefuka, yuko shule, anaongea na kila mtu. Jambo moja tu alikuwa halisemi, lile la siku ile. Hospitali walimuuliza, askari walimuuliza, mama yake alimbembeleza, akawa anafunga mdomo. Zipora hakuwahi kumuuliza.

Likizo iliyopita nilikuwa pale konani na chupa ya uji. Zipora ameinama, anaokota. Zipo akamwendea, akamshika mkono uliojaa majani.

"Bibi, usiyatupe," akasema. "Tate alisema tukiyaweka haya, magari yote yanasimama."

Nilisikia vizuri. Alisema tate, kwa Kishambaa chetu, kwa lafudhi ya baba yake kabisa. Ina maana alimfundisha njiani siku ile, kati ya Mombo na hapo, au labda hapohapo walipokuwa wanavunja matawi pamoja. Mama yake hajui Kishambaa, na huku kwetu hakuna aliyethubutu kulitaja neno hilo mbele yake.

Zipora aliuchomoa mkono wake kutoka kwa mtoto polepole. Akayatupa majani korongoni, akajifuta viganja kwenye sweta la mwanawe, akainama tena.